Jinsi ya kukokotoa maswali ya mwendo katika mstari mnyoofu: chora kwanza, kanuni baadaye

Wanafunzi wengi wakikutana na swali la mwendo hukimbilia kanuni. Wanaona namba tatu, wanakumbuka herufi mbili tatu, wanazipachika panapoonekana panafaa, kisha wanaomba jibu litoke. Mara nyingine linatoka kweli. Badilisha swali kidogo tu, gari lifunge breki badala ya kuondoka, au jiwe lirushwe juu badala ya kuangushwa, na mwanafunzi yuleyule anakwama. Hesabu zenyewe hazina ugumu: ni kujumlisha, kuzidisha na kutafuta kipeuo cha pili. Kinachowaangusha ni kusoma swali.

Mada hii imezoeleka kufundishwa kidato cha pili Tanzania na kidato cha tatu Kenya, na inarudi tena na tena hadi chuo. Hatua zifuatazo zinamfaa mwanafunzi, na pia mzazi au dada anayekaa naye mezani jioni kumsaidia. Mtihani utakuja kwa Kiingereza, sawa, lakini kulifikiria tukio kwa lugha unayoielewa vizuri zaidi hakukatazwi na mtu.

Hatua ya kwanza: chora mstari

Soma swali mara mbili bila kushika kalamu. Ni kitu gani kinasogea? Kilianzia wapi? Kiliishia wapi? Njiani kulitokea nini?

Sasa chora mstari mmoja mnyoofu kwenye daftari. Weka alama mwendo ulipoanzia, nyingine ulipoishia, na nyingine kila mahali mwendo ulipobadilika tabia. Basi linaloondoka kituoni, likakolea, likaenda muda fulani bila kuongeza wala kupunguza, kisha likafunga breki hadi kusimama, lina vipande vitatu vya mwendo. Mstari wake utakuwa na alama nne. Kila kipande kikokotoe peke yake. Usijaribu kuimeza safari nzima, kituo hadi kituo, kwa kanuni moja. Kinachounganisha vipande ni velositi (mwendokasi pamoja na upande unakoelekea): ile ambayo kipande cha kwanza kimeishia nayo ndiyo ambayo kipande cha pili kinaanza nayo.

Mchoro huu pia unatenganisha umbali na uhamisho, yaani nafasi iliyonyooka kutoka ulipoanzia hadi ulipoishia, pamoja na upande wake. Mtu akitembea mita 60 kwenda dukani, halafu akarudi mita 20 na kusimama, ametembea umbali wa mita 80. Uhamisho wake ni mita 40 tu, upande wa duka. Kama safari nzima ilichukua sekunde 80, mwendokasi wake wa wastani ni mita 1 kwa sekunde, na velositi yake ya wastani ni mita 0.5 kwa sekunde kuelekea dukani. Majibu yote mawili ni sahihi. Swali ndilo linalosema lipi linatakiwa.

Na hapo kwenye wastani kuna mtego wa zamani ambao bado unanasa watu. Basi linakwenda kwa kilomita 60 kwa saa na kurudi njia ileile kwa kilomita 40 kwa saa. Wastani si 50. Chukua njia ya kilomita 120: kwenda ni saa 2, kurudi ni saa 3, jumla kilomita 240 kwa saa 5, yaani kilomita 48 kwa saa. Basi limekaa muda mrefu zaidi kwenye ule mwendo wa polepole, kwa hiyo mwendo huo una uzito zaidi. Ukiulizwa wastani, rudi daima kwenye umbali wote kugawanya kwa muda wote.

Hatua ya pili: chagua upande chanya, na uuandike

Chora mshale mdogo juu ya mstari wako na uuandikie alama ya kujumlisha. Upande wowote unafaa, ila ukishauchagua usiubadilishe katikati ya kazi. Kinachoelekea upande wa mshale ni chanya, kinachoelekea kinyume chake ni hasi: velositi, uhamisho, mchapuko (kiasi ambacho velositi inabadilika kila sekunde), vyote. Gari linalokwenda upande chanya huku likipunguza mwendo lina mchapuko hasi. Kazi ya hatua hii ni sekunde tano, na alama nyingi hupotea kwa kuiruka.

Hatua ya tatu: vipimo vilingane

Kilomita kwa saa na mita kwa sekunde haviwezi kukaa kwenye hesabu moja. Kilomita ni mita 1,000 na saa ni sekunde 3,600, kwa hiyo kutoka kilomita kwa saa kwenda mita kwa sekunde unagawanya kwa 3.6, na kurudi unazidisha kwa 3.6. Inafaa kuzijua kwa kichwa hizi: 36 ni 10, 54 ni 15, 72 ni 20, 90 ni 25, 108 ni 30. Watunga mitihani wanazipenda kwa sababu zinatoka bila desimali.

Hatua ya nne: orodhesha herufi tano

Andika wima, kila herufi na mstari wake:

u = velositi ya mwanzo
v = velositi ya mwisho
a = mchapuko
s = uhamisho
t = muda

Mbele ya kila moja jaza unachokijua. Inayoulizwa iwekee alama ya kuuliza. Ambayo haikutajwa wala kuulizwa ipige mstari. Ukiwa na tatu zinazojulikana, mbili zilizobaki zinapatikana.

Swali halitakupa kila kitu kwa namba. Baadhi ya taarifa zimejificha ndani ya maneno. "Lilianza kutoka hali ya kusimama" maana yake u ni sifuri. "Liliachiwa lianguke" pia u ni sifuri. "Likasimama" ni v sifuri. "Kwa velositi isiyobadilika" ni a sifuri. "Kimo cha juu kabisa" ni v sifuri, kwa sababu pale juu kitu kimeacha kupanda na bado hakijaanza kushuka. Mwanafunzi anayelalamika kwamba swali halina taarifa za kutosha kwa kawaida ameruka mojawapo ya maneno haya.

Hatua ya tano: chagua kanuni kwa herufi isiyohusika

Kanuni ziko nne, na kila moja imeacha herufi moja nje:

v = u + at (haina s)
s = ut + ½at² (haina v)
v² = u² + 2as (haina t)
s = ½(u + v)t (haina a)

Basi tazama orodha yako. Herufi uliyoipiga mstari ndiyo inayokuchagulia kanuni.

Tujaribu. Treni ya umeme ya reli ya kisasa (SGR) ya Tanzania, iliyoanza kubeba abiria kati ya Dar es Salaam na Morogoro mwezi Juni 2024, imejengwa kwenda hadi kilomita 160 kwa saa. Kwa ajili ya zoezi, tuseme inaondoka kituoni kwa mchapuko usiobadilika wa 0.5 m/s², yaani kila sekunde velositi inaongezeka kwa mita 0.5 kwa sekunde. Itahitaji njia ya urefu gani kufikia mwendo huo?

u ni 0. v ni 160 kugawanya kwa 3.6, yaani 44.4 m/s. a ni 0.5. s ndiyo inayoulizwa. t haikutajwa, kwa hiyo imepigwa mstari. Kanuni isiyo na t ni ya tatu: v² = 2as, kwa hiyo s ni 44.4² kugawanya kwa 1. Jibu ni karibu mita 1,975, takriban kilomita mbili. Ukitaka muda, kanuni ya kwanza inakupa sekunde 89, karibu dakika moja na nusu. Jibu hili linasema jambo la kweli kuhusu reli: treni ya aina hii haiwezi kunufaika na mwendo wake kama vituo vingewekwa kila baada ya kilomita moja.

Kabla ya kuzitumia: je, mchapuko haubadiliki?

Kanuni hizi nne zina sharti moja. Mchapuko lazima uwe uleule tangu mwanzo hadi mwisho wa kipande unachokokotoa. Ukilisahau sharti hili, kanuni itakupa jibu la uongo bila kukuonya.

Septemba 2021, pale Nairobi, mwanariadha wa Kenya Ferdinand Omanyala alikimbia mita 100 kwa sekunde 9.77. Velositi yake ya wastani ni 100 kugawanya kwa 9.77, yaani 10.2 m/s, karibu kilomita 37 kwa saa. Hadi hapo hakuna tatizo. Sasa mwanafunzi anaulizwa velositi ya mkimbiaji huyo kwenye utepe wa kumalizia. Anaandika u = 0, s = 100, t = 9.77, anachukua s = ½at², anapata mchapuko wa 2.1 m/s², anaingiza kwenye v = u + at na kupata 20.5 m/s. Hiyo ni zaidi ya kilomita 73 kwa saa! Hakuna binadamu aliyewahi kukimbia hivyo. Hata Usain Bolt, alipoweka rekodi ya dunia ya sekunde 9.58 Berlin mwaka 2009, kilele chake hakikufika mita 13 kwa sekunde.

Hesabu haina kosa hata moja. Sharti ndilo lililovunjwa. Mkimbiaji hupata mchapuko mkubwa akitoka kwenye vibao vya kuanzia, kisha unapungua, mwendo unafika kileleni, na karibu na utepe hupungua kidogo. Kwa hiyo kila ukipata jibu, lipeleke barabarani au uwanjani uone kama linaweza kuishi huko. Mtu wa 20 m/s, gari la 300 m/s, jiwe lililoanguka kutoka mtini kwa sekunde 40: ukiona hivyo rudi juu ukatafute ulipoteleza.

Mtego wa breki

Hapa ndipo ningependa usome taratibu kuliko popote.

Gari linakwenda kwa 20 m/s. Dereva anafunga breki, na gari linapunguza mwendo kwa 5 m/s². Litakwenda umbali gani katika sekunde 6 zinazofuata?

Orodha iko wazi: u = 20, a = −5, t = 6, s inaulizwa. Kanuni ya pili inatoa 20 × 6 − ½ × 5 × 36, yaani 120 − 90 = mita 30. Inavutia, na si sahihi.

Uliza kwanza: gari linasimama lini? Kutoka v = u + at, 0 = 20 − 5t, t ni sekunde 4. Gari limesimama kwenye sekunde ya nne na likabaki pale. Kanuni haijui kwamba breki haziwezi kulirudisha gari nyuma. Yenyewe imeendelea kulivuta kinyumenyume kwa sekunde mbili zaidi na kukupunguzia mita 10. Umbali sahihi unatumia sekunde 4: 80 − 40 = mita 40. Kwa hiyo kila swali la breki lenye muda ndani yake, tafuta muda wa kusimama kabla ya jambo lingine lolote.

Kuna sababu nyingine ya kulijali somo hili, na haina uhusiano na mtihani. Chukua magari mawili yanayolingana, yakipita mahali pamoja, moja kwa kilomita 50 kwa saa na jingine kwa 80. Mtoto anaingia barabarani. Tuseme kila dereva anatumia sekunde 1 tangu kuona hadi kukanyaga breki, na breki za magari yote zinapunguza mwendo kwa 7 m/s².

Gari la kwanza lina 13.9 m/s. Katika sekunde ile ya kushtuka limekwenda mita 13.9. Kisha breki: s = 13.9² ÷ 14, karibu mita 13.8. Jumla linasimama baada ya mita 27.7. Gari la pili lina 22.2 m/s, na sekunde ya kushtuka pekee imekula mita 22.2. Likifika pale ambapo la kwanza limesimama, limefunga breki kwa mita 5.5 tu. Weka kwenye v² = u² + 2as: 22.2² − 2 × 7 × 5.5 ni karibu 416, na kipeuo chake ni 20.4 m/s. Mahali ambapo gari la kwanza limesimama kabisa, la pili bado linapita kwa zaidi ya kilomita 73 kwa saa. Irudie hesabu hii mwenyewe kwa mkono wako. Tofauti ya 30 kwenye dashibodi inaonekana ndogo mpaka uone ule mraba wa u unavyofanya kazi.

Kitu kilichorushwa juu

Mwendo wa wima ni mstari mnyoofu uleule uliosimamishwa. Mchapuko wake unajulikana: 9.8 m/s² kuelekea chini, na maswali mengi yanaruhusu 10. Upinzani wa hewa huachwa.

Mpira unarushwa wima juu kwa 10 m/s kutoka ukingo wa paa lenye kimo cha mita 15. Utagonga ardhi baada ya muda gani? Wengi wanalikata swali vipande viwili, kupanda na kushuka. Si kosa, lakini hapa hakuna haja, kwa sababu mchapuko ni uleule njia nzima, hata pale juu kabisa ambapo velositi ni sifuri. Chagua juu kuwa chanya. Basi u = 10, a = −10, na s = −15, kwa sababu ardhi iko mita 15 chini ya mahali pa kuanzia. Kumbuka s ni uhamisho, kwa hiyo ule mzunguko wa juu hauhesabiki.

−15 = 10t − 5t². Gawanya kwa 5 na uhamishe: t² − 2t − 3 = 0, yaani (t − 3)(t + 1) = 0. Muda ni sekunde 3 au −1. Tunachukua 3. Velositi ya kugonga ni 10 − 30 = −20 m/s, na alama ya kutoa inasema mpira unaelekea chini, kama inavyotakiwa.

Hiyo −1 unaikataa kwa sababu ni kabla ya kurusha, lakini haikutoka hewani. Inakuambia kwamba mtu aliyesimama chini angeurusha mpira kwa 20 m/s sekunde moja mapema, ungepita kwenye ukingo wa paa kwa 10 m/s ileile, saa ileile, na baada ya hapo hakuna ambaye angeweza kutofautisha mipira hiyo miwili.

Kwa kitu kinachoangushwa tu kuna njia ya haraka ya kukagua jibu. Mwanasayansi wa Italia Galileo Galilei alieleza mwaka 1638 kwamba kitu kinachoanza kutoka kusimama kwa mchapuko usiobadilika hupita umbali wenye uwiano wa 1, 3, 5, 7 katika vipande vya muda vinavyolingana. Ukitumia 10 kama mchapuko, kitu kinashuka mita 5 sekunde ya kwanza, 15 ya pili, 25 ya tatu. Nazi ikiachia kutoka kimo cha mita 20 inafika chini kwa sekunde 2, na wakati huo ina 20 m/s, sawa na kilomita 72 kwa saa. Wanaokataza watoto kucheza chini ya minazi iliyozaa wana fizikia upande wao.

Ukipewa grafu au utepe

Grafu ya velositi na muda ina mambo mawili ya kusoma: mteremko wa mstari ni mchapuko, na eneo lililo chini ya mstari ni uhamisho. Eneo likiwa chini ya mhimili wa muda, uhamisho huo ni hasi. Kwa swali lenye vipande vitatu kama lile la basi, grafu mara nyingi ni rahisi kuliko kanuni, maana unajumlisha pembetatu, mstatili na pembetatu nyingine. Kabla hujaanza, soma kilichoandikwa kwenye mhimili wa wima. Grafu ya uhamisho na muda inafanana nayo kwa macho, lakini mteremko wake ni velositi.

Maabara kuna kile kifaa kinachogonga nukta kwenye utepe wa karatasi. Kikitumia umeme wa hazi 50, kinagonga mara 50 kwa sekunde, hivyo kati ya nukta na nukta ni sekunde 0.02, na nafasi tano ni sekunde 0.1. Hesabu nafasi, usihesabu nukta. Tuseme kipande cha kwanza chenye nafasi tano kina urefu wa sentimita 2, na kipande cha nne kina sentimita 11. Velositi za wastani ni 0.2 m/s na 1.1 m/s. Muda kati yake si sekunde 0.4. Wastani unakaa katikati ya kila kipande, na kutoka katikati ya kipande cha kwanza hadi katikati ya cha nne ni hatua tatu, yaani sekunde 0.3. Mchapuko ni 0.9 ÷ 0.3 = 3 m/s².

Maswali ya kujipima

(a) Bodaboda inaondoka kutoka kusimama kwa mchapuko wa 2.5 m/s² kwa sekunde 6. Tafuta velositi yake na umbali iliokwenda.

(b) Lori lenye mwendo wa kilomita 72 kwa saa linafunga breki na kupunguza mwendo kwa 4 m/s². Litakwenda umbali gani katika sekunde 8?

(c) Jiwe linaachiwa kwenye kisima na linasikika likigonga maji baada ya sekunde 2. Kina cha hadi kwenye maji ni mita ngapi? Tumia 10 m/s² na uache muda wa sauti kupanda.

(d) Basi linampita askari wa pikipiki aliyesimama, kwa velositi isiyobadilika ya 15 m/s. Papo hapo askari anaondoka kwa mchapuko wa 2 m/s². Atalifikia baada ya muda gani, umbali gani, na akiwa na velositi gani?

Majibu: (a) 15 m/s na mita 45. (b) Mita 50, kwa kuwa lori limesimama kwenye sekunde ya 5. Ukipata 32, rudi kwenye mtego wa breki. (c) Mita 20. (d) Sekunde 15, mita 225, na 30 m/s. Ukikosa la (d), tazama kama ulilinganisha velositi za vyombo viwili. Wanapokutana kinacholingana ni uhamisho, basi 15t = t². Velositi za vyombo hivyo zililingana mapema zaidi, kwenye sekunde ya 7.5, na wakati huo basi lilikuwa mbele yake kwa mita 56.25, pengo kubwa kuliko wakati mwingine wowote wa mbio hizo.